Mlango Uliomeza Hodi

Hadithi hii nimeipokea kwa mtu, naye aliipokea kwa mwingine. Ukiituma mbele, naomba usiipunguze vipimo. Hesabu za hatua na unene wa mbao zinaonekana mambo madogo, lakini bila hizo utadhani baba wa hadithi hii alikuwa mtu mbaya. Hakuwa.

Palikuwa na mji mmoja kati ya pwani na milima, na mkuu wa mji huo aliitwa Jumbe Kibwana. Mke wake alikuwa amefariki mwezi wa mavuno ya mtama. Alibaki na binti mmoja tu, Mwanamvua, aliyepewa jina hilo kwa sababu alizaliwa siku ya mvua iliyobomoa ukuta wa jiko.

Wakati huo Jumbe alikaa katika nyumba ya udongo kama watu wengine. Mlango wake ulikuwa wa mabua ya mtama yaliyofungwa kwa kamba. Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake zilikuwa hatua tatu. Mtu akibisha hodi, Jumbe alijibu "karibu" kabla hajainua macho.

Mwanamvua akapendana na mhunzi mmoja aliyekuwa akipita mjini kunoa majembe. Baba akakataa. Binti akashikilia. Maneno yakapanda siku hadi siku, mpaka Jumbe akasema mbele za watu:

"Ukivuka kizingiti hiki kumfuata huyo mgonga vyuma, usirudi tena mpaka usikie neno 'karibu' kutoka kinywani mwangu mwenyewe."

"Nimesikia, baba," Mwanamvua akasema. Akavuka.

Hasira ya Jumbe haikumaliza mwezi. Ilipokwisha, alianza kumkumbuka binti yake kwa vitu vidogo: namna alivyokuwa akikung'uta mkeka mara mbili, kamwe si mara moja, namna alivyoimba huku akikosea maneno na kukataa kusahihishwa. Asubuhi Jumbe alikunywa uji kimya, akajikuta anangoja mtu wa kumwambia kwamba ameutia sukari nyingi.

Wachuuzi wa chumvi walijua kijiji alichohamia. Kilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa siku tatu. Angeweza kumpelekea neno siku ileile. Lakini Jumbe aliwaza hivi: sitamwita mtoto wangu arudi kwenye nyumba ileile niliyomfukuzia. Nitamjengea nyumba ambayo akiiona tu, atajua moyo wangu umebadilika.

Akajenga.

Mlango akautengeneza kwa mbao za mninga, unene wa vidole vinne, na juu yake akachongesha matone ya mvua mia tatu kwa ajili ya jina la binti yake. Nyuma ya mlango akajenga ukumbi mrefu uliotandikwa mikeka miwili miwili, ili miguu yake ikitoka safarini ikanyage mahali laini. Akatundika mapazia matatu mazito, upepo usimpige. Mbele ya nyumba akazungusha ukuta wa kimo cha mtu na mkono, kwa sababu alijua watu wa mji wana macho, na hakutaka binti yake atazamwe siku ya kurudi kwake.

Mwisho wa ukumbi aliweka kiti chake, kikiuelekea mlango. Kutoka kwenye mlango hadi kwenye kiti zilikuwa hatua thelathini na mbili.

Kisha akatoa amri mbili. Ya kwanza: mtu yeyote wa nyumbani asiitikie hodi ya mlango wa mbele. "Karibu itakayosikika hapo ni yangu," alisema. "Niliweka sharti, na sharti nitalitimiza mimi." Watu wote wa nyumbani wapite jikoni. Ya pili: kila alfajiri mbele ya mlango pafagiliwe, lisionekane hata jani moja.

Nyumba ilipokamilika, mwaka ulikuwa umepita. Jumbe akamwita mchuuzi wa chumvi.

"Mwambie Mwanamvua baba yake anamngoja."

Mchuuzi akaenda, akarudi.

"Amesemaje?"

"Amesema amesikia."

Jumbe akavaa kanzu safi, akakaa kwenye kiti chake. Alikaa kila siku, tangu asubuhi hadi jua linatua. Mtama ukaiva, ukavunwa, ukaingizwa ghalani. Mwanamvua hakuja.

Mwaka uliofuata alituma tena. "Amesema amesikia," mchuuzi akajibu. Jumbe akasubiri tena. Hakuja mtu.

Ndipo akaanza kudhani nyumba bado haijapendeza. Mwaka mmoja aliongeza pazia la nne. Mwaka mwingine aliupigia mlango ubao wa pili kwa ndani, wenye nakshi za maua ya asumini, ukafika unene wa vidole sita. Kila mwaka salamu zilikwenda, kila mwaka jibu lilikuwa lilelile, na kila mwaka kiti kiliuelekea mlango ambao haukufunguka.

Wageni wengine nao walipungua, kisha wakakoma. Mashauri ya mji Jumbe aliyasikiliza sokoni, watu wakamsalimu kwa adabu, lakini nyumbani kwake hawakufika. Alijua sababu, au alidhani anaijua. Nani atamtembelea mtu ambaye hata mtoto wake amemkimbia?

"Ameamua," alikuwa akisema kila alipoulizwa habari za binti yake.

"Mtu akiamua, ameamua," wazee wenzake walijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka wa tisa mchuuzi alirudi akikuna kichwa.

"Amesemaje?" Jumbe akauliza.

"Mwaka huu hakusema kitu, Jumbe. Alinipa maji nikanywa, halafu akaingia ndani."

Siku hiyo Jumbe hakula. Neno "amesikia" alikuwa akilidharau kwa ufupi wake, na sasa alilitamani kama mtu anavyotamani maji. Kesho yake akatangaza sokoni kwamba fundi yeyote atakayeweza kuitengeneza nyumba yake hivi kwamba binti yake aamue kurudi, atachukua katika nyumba hiyo kitu chochote atakachokitaja.

Walijitokeza mafundi watatu.

Wa kwanza ndiye aliyeuchonga mlango. Alipitia jikoni kama alivyozoea, akashauri paa linyanyuliwe lionekane tangu milimani. Wa pili ndiye aliyejenga ukumbi. Yeye pia alipitia jikoni, akashauri uongezwe ukumbi mwingine mbele ya huo.

Wa tatu alikuwa mwanamke wa kijiji cha jirani, jina lake Siwatu. Kazi yake ilikuwa kujenga majiko. Watu walisema kwamba kabla ya kuweka jiwe la kwanza, Siwatu hukaa jikoni siku nzima bila kusema neno, akitazama mkono wa mpishi unakwenda wapi. Sokoni walimcheka.

"Mjenga majiko huyu! Jumbe ana njaa au ana huzuni?"

Siwatu alipaswa kufika Jumatatu. Jumatatu hakuja. Jumanne Jumbe alikaa kwenye kiti chake, akasubiri, hakumwona. Jumatano vilevile.

"Huyu naye ameamua kutokuja," Jumbe akasema.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, sauti za wanawake zilisikika zikija kutoka jikoni. Mbele alikuwa Siwatu, vumbi la njiani likiwa bado kwenye kanga zake. Nyuma yake alikuwa Bi Chiku, mfagizi wa nyumba hiyo tangu ilipojengwa, ufagio mkononi.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Umechelewa siku tatu."

"Sikuchelewa. Nilifika Jumatatu."

"Jumatatu nilikuwa nimekaa hapa hapa."

"Nami nilikuwa nimesimama pale pale," Siwatu akasema, akionyesha mlango. "Nilibisha hodi mara tatu. Sikujibiwa, nikaondoka. Jumanne nilibisha mara tatu. Jumatano mara tatu. Leo nimekaa kibarazani tu, nione nani atakuja."

"Nikamkuta mimi!" Bi Chiku akadakia. "Nimetoka kufagia, namwona mtu ameota kibarazani kama uyoga. Nikamwambia, we mama, hapo hakubishwi hodi, hapo ni pa kutazama tu. Sisi sote tunapita jikoni. Ananiuliza, mgeni atajuaje? Nikamwambia, mgeni gani? Hapa miaka tisa sijaona mgeni hata wa kusingiziwa."

"Bi Chiku," Jumbe akasema.

"Nimenyamaza."

Jumbe akamgeukia Siwatu. "Mimi si kiziwi. Ungebisha ningesikia."

"Sisemi Jumbe ni kiziwi. Naomba jambo moja. Nenda ukasimame nje, mlango ufungwe. Mimi nitakaa kwenye kiti chako. Ubishe hodi kama mgeni mwenye adabu anavyobisha. Nikisikia nitaitika."

"Na kama sitaki?"

"Basi nitarudi kwenye majiko yangu."

Jumbe akainuka. Akapita jikoni, kwa maana hata yeye hakuwa amepita mlango wa mbele kwa miaka mingi, akazunguka nyumba, akasimama mbele ya matone mia tatu ya mvua.

Huko ndani Siwatu alikaa kwenye kiti, na Bi Chiku akasimama pembeni yake. Wakatega sikio. Baada ya muda Bi Chiku akanong'ona, "Mbona habishi?"

Siwatu akainua kidole kumwashiria asubiri.

Walisubiri muda wa maji kuchemka. Kisha mlango ukavutwa kwa nje, polepole, kwa sababu ulikuwa mzito. Jumbe akaingia. Alitembea hatua zote thelathini na mbili bila kusema, akapita mapazia manne, akafika mbele ya kiti chake.

"Ulinisikia?"

"Hapana."

"Nilibisha mara tatu."

"Najua. Na ulipobisha mara ya tatu ukawaje?"

Jumbe alikaa chini, kwenye mkeka, kama mtu asiye na cheo.

"Nilijua umo ndani," alisema. "Nilikuacha mimi mwenyewe kwenye kiti changu. Ile nyumba ni yangu, ule mlango ni wangu. Lakini mara ya tatu ilipopita kimya, nilijisikia kama nimefukuzwa. Miguu yangu iligeuka. Siwatu, niligeuka kwenda zangu! Nilikuwa nimeshafika kwenye ukuta ndipo nikakumbuka kwamba ni nyumbani kwangu."

"Ndivyo watu wanavyoamua," Siwatu akasema. "Aliye nje hauoni moyo wa aliye ndani. Anachokisikia mlangoni ndicho atakachoondoka nacho."

Jumbe alikuwa ameanza kufikiri, na lile alilolifikiri lilimwogopesha.

"Unataka kusema nini?" akauliza.

"Jumbe, mgeni asiyejibiwa hufanya nini katika mji huu kabla ya kuondoka?"

Kila mtu wa mji huo alijua jibu. Mgeni akibisha mara tatu asijibiwe, hang'ang'anii. Huchukua ukindu, akaufunga fundo kwenye pete ya mlango, ili mwenyeji akirudi ajue kwamba mtu alipita akamkosa. Kisha mwenyeji ndiye humfuata mgeni. Ni deni la adabu, hata watoto wanalijua.

"Hufunga fundo," Jumbe akasema. "Lakini mimi sijawahi kuona fundo mlangoni pangu."

"Nami nilifunga Jumatatu. Jumanne halikuwepo. Nikafunga Jumanne. Jumatano halikuwepo."

Wote wawili wakamtazama Bi Chiku.

Bi Chiku akakumbatia ufagio wake. "Mnanitazamia nini? Amri ilikuwa lisionekane hata jani. Ukindu si jani? Nilijua ni watoto wanaochezea pete! Na mimi sikutupa, mimi si mtu wa kutupa ukindu mzuri. Nafungia ufagio. Njiti zikiisha nabadilisha njiti, kamba naihamishia kwenye ufagio mpya. Hii ni ya miaka yote."

"Lete," Siwatu akasema.

Ufagio ulikuwa wa njiti za mnazi, na kichwani ulikuwa umezungushiwa ukindu mwingi, tabaka juu ya tabaka. Siwatu akaanza kuufungua. Juu kabisa palikuwa na vipande vyake mwenyewe, vibichi bado. Chini yake palikuwa na vya kijani, vya kijivu, vilivyokauka, vya watu wasiojulikana waliokuja kumwona Jumbe wakaondoka. Vilikuwa vingi. Jumbe alivitazama vikirundikana kwenye mkeka, vyote ni watu aliodhani wamemtenga.

Kisha ukatoka ukindu ambao haukuwa wa kawaida. Ulikuwa umesukwa kwa chane nne nyembamba za ukindu, moja kati ya hizo nyekundu.

Jumbe akanyoosha mkono, akaurudisha kabla haujafika.

Marehemu mke wake ndiye aliyekuwa akisuka hivyo. Chane tatu za rangi yake na moja nyekundu, kila mkeka, kila kawa, kila pakacha. Wanawake wengine walimwambia chane moja nyekundu haipendezi, atie mbili zilingane. Alikataa. Alimfundisha msuko huo mtu mmoja tu.

Siwatu akaendelea kufungua. Ukatoka mwingine. Na mwingine. Aliupanga kila mmoja mbele ya Jumbe, kwa mstari mmoja, bila haraka. Alipofika mwisho zilikuwa saba, kili saba za ukindu uliosukwa.

"Huu nilikuwa nauokota mwezi wa mavuno," Bi Chiku akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kila mwezi wa mavuno, mmoja. Nilikuwa nafurahi nikiuona, kwa vile ni mzuri. Mwaka huu mtama umeshavunwa na sikuokota kitu. Nikasema, yule mtoto mchezaji ameshakua."

Mwezi wa mavuno ndio mwezi aliofariki mama yake Mwanamvua.

Miaka tisa. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa ujenzi, wala neno halikutumwa. Mwaka wa tisa hakusema kitu. Kati yake ilikuwa miaka saba, na kila mwaka alisema, "Nimesikia." Kisha alitembea siku tatu, akavuka mto, akaingia ndani ya ukuta uliojengwa ili watu wasimwone, na watu hawakumwona. Akasimama mbele ya mlango uliochongwa kwa ajili yake. Akabisha hodi mara tatu. Hakuzunguka jikoni, kwa sababu aliambiwa asirudi mpaka asikie karibu ya kinywa cha baba yake, naye alikuwa mtoto mwenye kushika neno. Akafunga fundo, ili baba amfuate. Na baba alikuwa hatua thelathini na mbili kutoka hapo, kwenye kiti, kanzu safi mwilini, akimngoja.

"Nilisema ameamua kutokuja," Jumbe akasema.

"Mara saba aliamua kuja," Siwatu akajibu. "Mlango ndio uliokataa."

Jumbe hakulia mbele yao. Alizikusanya zile kili saba moja moja, akazilaza kiganjani. Akauliza, "Utanijengea nini?"

"Sitajenga kitu. Nitabomoa. Lakini nyumba inaweza kusubiri, Jumbe. Mafundo hayasubiri. La kwanza lina miaka saba."

Kesho yake alfajiri Jumbe Kibwana aliondoka mjini kwa miguu, fimbo mkononi. Wazee walimzuia. "Jumbe hamfuati mtoto," walisema. "Mtoto ndiye aliyeondoka." Jumbe akawajibu, "Mtoto alirudi mara saba. Mimi bado sijaenda hata mara moja." Siwatu alifuatana naye, kwa vile njia ya kwao ilikuwa hiyohiyo, na kwa vile alitaka kuona mwisho wa kazi yake.

Siku ya kwanza Jumbe alizungumza sana. Alisema atakachomwambia binti yake, akabadilisha, akasema tena. Siku ya pili alizungumza kidogo. Walipofika mtoni aliyatazama maji, akauliza yanafika wapi mwezi wa mavuno. Siwatu akamwonyesha kwa mkono: kiunoni. Jumbe akavua viatu, akavuka, na tangu hapo hakusema tena atakachomwambia.

Siku ya tatu, alasiri, walifika. Waliuliza nyumba ya mhunzi, wakaonyeshwa. Ilikuwa nyumba ndogo ya udongo. Mlango wake ulikuwa wa mabua ya mtama yaliyofungwa kwa kamba, na kupitia mabua hayo ulitoka moshi wa kuni na sauti ya mwanamke akiimba huku akikosea maneno.

Siwatu akabaki njiani. Jumbe akaenda peke yake.

Alisimama mbele ya mabua. Alikuwa mkuu wa mji, lakini alisimama pale kama mkopaji. Sasa ndipo alipoelewa yote: ni rahisi sana kugeuka. Mtu halazimiki kuwa na chuki ili ageuke. Kimya kidogo tu kinatosha.

"Ho..." akaanza.

"Karibu!" sauti ikajibu kutoka ndani, kabla hajamaliza.

Hakuuliza ni nani. Hakuuliza anataka nini. Mwanamvua alikuwa ameweka kigoda chake hatua mbili kutoka mlangoni, na tangu alipohamia hapo hakuna mtu aliyewahi kumaliza hodi nyumbani kwake.

Jumbe hakuingia. Alibisha tena, ingawa alikuwa amekwisha kujibiwa. Alitaka kuisikia mara ya pili.

"Hodi."

"Karibu, nimesema karibu."

"Hodi," akasema mara ya tatu.

"Eeh! Nani huyo mbishi? Umeambiwa karibu, unataka upigiwe ngoma?"

Kigoda kikasukumwa. Mabua yakafunguliwa. Mwanamvua akasimama mlangoni, unga mikononi, akamwona mzee mwenye vumbi hadi magotini, na kwenye kiganja cha mzee huyo zimelala kili saba zenye chane moja nyekundu.

Aliziangalia hizo kwanza. Ndipo akainua macho.

"Baba," akasema. "Nilibisha hodi."

"Najua, mwanangu. Ndiyo nimekuja kuitika." Jumbe akanyoosha mgongo, akalitamka neno alilolitunza kwa miaka tisa. "Karibu."

Mwanamvua akaanza kucheka, na kabla kicheko hakijafika mwisho kilikuwa kimegeuka kuwa kilio.

"Karibu wapi, baba?" akasema. "Wewe si ndiye uko nje?"

Akamshika mkono kwa mkono wake wenye unga, akamwingiza ndani.

Waliporudi mjini pamoja na Mwanamvua, Siwatu alifanya kazi ya siku moja. Aliuondoa ukuta wa mbele. Akashusha mapazia. Akakisogeza kiti cha Jumbe mpaka hatua tatu kutoka kizingitini. Alipoambiwa ataje kitu anachokitaka katika nyumba hiyo, alitaja mlango. Akaupasua ukawa mabenchi manne, akayapanga nje, pale wageni wanaposimama. Watu wa mji walikaa juu ya matone ya mvua na maua ya asumini, na hodi zao zilisikika hadi jikoni. Bi Chiku alilalamika kwamba sasa kunafagiwa nyayo za watu kutwa nzima. Hata hivyo aliulizia kama kuna mwenye ukindu, kwa sababu ufagio wake haukuwa na kamba tena.

Funzo: Kabla hujasema kwamba mtu ameamua kutokuja kwako, toka nje, ufunge mlango wako, ubishe hodi wewe mwenyewe, usikilize anachokisikia yeye.